Barua ya wazi kwa wasimamizi wa tiba asili: Kuua seli kwenye kichupa si kutibu saratani ya damu

KWA:
Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

YAH: DAWA ZA MITI ZINAZODAIWA KUTIBU LUKEMIA (SARATANI YA DAMU), NA KIPIMO TUNACHOKIRUKA

Waheshimiwa,

Kila ifikapo 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, mabanda husimikwa, mgeni rasmi hukagua, chupa hunyanyuliwa mbele ya kamera. Geuza chupa mojawapo usome nyuma: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, kansa. Kansa ipi? Hapo hapajajazwa. Mgeni rasmi naye haulizi. Anapokea zawadi yake ya asali na kusogea banda linalofuata.

Mimi nauliza, kwa sababu kansa mojawapo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ni mfamasia, nachanganya dawa za kemo za wagonjwa wa saratani ya damu, watoto kwa wakubwa. Na kabla hamjaniweka kwenye fungu la wasomi wanaodharau miti shamba, niseme kwamba sehemu kubwa ya kabati langu ilitoka porini. Vinkristini na vinblastini zimetokana na ua la Madagaska. Etoposidi ina asili yake kwenye mmea wa misituni Amerika ya Kaskazini. Hata sitarabini, nguzo ya tiba ya lukemia kali ya mailoidi, aina moja ya saratani ya damu inayokwenda kasi, wazo lake lilitoka kwenye sponji ya bahari ya Karibi. Anayeniambia mti hauwezi kutibu saratani, namwonyesha friji yangu.

Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili asiye na muda wa kufika chini awe amelipata. Msiruhusu mmea wowote uitwe dawa ya saratani ya damu mpaka uonyeshwe maabara kwamba unaua seli shina za lukemia, yaani seli mama zinazouzaa ugonjwa, na unaziacha hai seli shina za uboho usio na ugonjwa. Na maabara ya kuonyesha hivyo iwe hapa nyumbani, kwa fedha yetu, kwa sampuli za wagonjwa wetu waliokubali kwa hiari.

Nieleze kwa nini nimeng'ang'ania seli shina.

Lukemia haina uvimbe wa kushika kwa mkono. Inaanzia kwenye uboho, ute wa ndani ya mifupa ambao ndio kiwanda cha damu, ambako chembe nyeupe changa zisizokomaa, tunaziita blasti, huzaliana mpaka chembe nyekundu na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa hufika amepauka, fizi zinavuja damu, homa haishuki. Ukiweka slaidi yake chini ya hadubini huhitaji kutafuta: seli kubwa, kiini kimejaa karibu seli nzima, pembeni kumebaki ukingo mwembamba wa bluu, na jirani yake ni mwingine wa namna hiyo hiyo, na mwingine. Kemo ya mwanzo huwafagia wengi wao kwa siku chache. Slaidi ya mwezi unaofuata inaweza kuwa safi kabisa. Familia inashangilia, na ina haki ya kushangilia. Kisha, kwa baadhi yao, ugonjwa unarudi.

Unarudi kutoka wapi? Mwaka 1994 kundi la John Dick kule Toronto lilichukua seli za wagonjwa wa lukemia kali ya mailoidi na kuzipandikiza kwa panya waliozaliwa na kinga hafifu. Sehemu kubwa ya seli zile hazikufanya lolote. Ni kundi dogo sana lililoweza kuuanzisha ugonjwa upya, na mwaka 1997 Dick na Dominique Bonnet wakaonyesha kuwa ndani ya lukemia kuna ngazi kama zilizopo kwenye damu ya kawaida: juu wachache wanaozaa, chini umati wa wanaozaliwa. Hao wa juu ndio seli shina za lukemia. Hawana haraka. Wamelala ndani ya uboho, hawagawanyiki ovyo, na dawa nyingi za kemo huwinda seli inayogawanyika. Baadhi yao wana pampu kwenye utando zinazotema dawa nje. Mkulima aliyewahi kupambana na ndago ameshanielewa: ukifyeka majani, shamba linapendeza kwa wiki mbili, lakini vijiazi vyake viko chini salama.

Hata imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kuigeuza lukemia sugu ya mailoidi, aina inayokwenda polepole, kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kuishi nao, haiwamalizi. Madaktari wa Ufaransa waliwaachisha dawa hiyo wagonjwa 100 ambao kwa angalau miaka 2 vipimo vyao vikali kabisa havikuona dalili ya ugonjwa. Matokeo yalipotoka mwaka 2010, kati ya waliofuatiliwa kwa mwaka mzima au zaidi, takriban 6 katika kila 10 ugonjwa ulikuwa umewarudia. Vipimo havikuona kitu, na bado kitu kilikuwepo.

Sasa tuje kwenye mstafeli.

Hakuna anayefanya kazi kwenye wodi ya damu asiyeijua ile chupa ya soda ya nusu lita yenye maji ya rangi ya chai ya rangi, imefungwa kwenye khanga, imesukumwa nyuma ya chupa ya uji chini ya kitanda. Mama hasemi mpaka aulizwe, na ukimuuliza kwa sauti ya polisi atakuambia ni dawa ya mafua. Ukikaa kwenye ukingo wa kitanda, ukamsalimia vizuri, ukamuuliza mtoto amelalaje, atakwambia: "Ni majani ya mstafeli, mwanangu. Shemeji katumiwa kwenye simu, eti yanashinda dripu mara elfu kumi."

Hiyo "mara elfu kumi" nimeifuatilia, kwa kuwa namba kubwa hivyo haitoki hewani. Inatoka kwenye utafiti halisi wa mwaka 1996, ambapo kemikali moja iliyotolewa kwenye mbegu za stafeli ilipimwa dhidi ya aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, ndani ya vyombo vya maabara, ikazidi dawa ya kemo iitwayo adriamisini kwa kiwango hicho. Zilikuwa mbegu, na kilichopimwa ni kemikali iliyotengwa. Ilikuwa saratani ya utumbo na wala si ya damu. Hapakuwa na panya mgonjwa, sembuse mtu. Njiani kutoka maabara hadi simu ya shemeji, mbegu zimekuwa majani, utumbo umekuwa damu, kichupa kimekuwa mtoto. Kilichoachwa njiani kabisa ni habari kutoka kisiwa cha Guadeloupe, ambako tangu mwaka 1999 madaktari wamehusisha unywaji wa chai na ulaji wa matunda ya jamii ya mstafeli na ugonjwa wa mtetemo na ukakamavu unaofanana na Parkinson, lakini usiosikia dawa zake za kawaida.

Simlaumu mama wala shemeji. Nawalaumu waliopewa mamlaka ya kusema "hapana, hii bado" na wakanyamaza. Tuliyaona Loliondo mwaka 2011, magari yamepanga mstari kuelekea Samunge kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500, wakubwa kwa wadogo, na wapo walioacha vidonge vyao vya hospitali nyumbani. Wakati ule kipimo kilikuja nyuma ya foleni. Foleni za leo hazionekani barabarani kwa sababu ziko kwenye simu, na naamini ni ndefu zaidi.

Kuua seli za lukemia kwenye kichupa, waheshimiwa, ni kazi nyepesi mno. Chumvi ikizidi itaziua, siki pia, na hata sabuni ya kufulia. Kila mwaka vyuo vyetu hutoa wanafunzi wazuri wenye tasnifu zinazosema mmea fulani "umeonyesha uwezo dhidi ya seli za saratani", na gazeti linaandika kesho yake kwamba tiba imepatikana. Seli zinazotumika mara nyingi ni zile zilizozoea kuishi maabara kwa miongo, zinazogawanyika usiku na mchana, yaani hasa zile ambazo hata kemo ya kawaida inaziweza. Zilizolala, zinazotuletea msiba miezi kumi baadaye, hazikuwemo kwenye jaribio.

Jaribio lenye maana linakwenda hivi. Unachukua uboho wa mgonjwa. Unazichambua seli kwa mashine inayosoma alama za kwenye utando wake, unatenga lile kundi dogo. Unaliweka pamoja na dondoo ya mmea, halafu seli zilizosalia unazipandikiza kwa panya asiye na kinga na kungoja wiki kadhaa. Lukemia ikiota, umeshindwa, hata kama kichupa kilionyesha asilimia tisini na tano wamekufa. Isipoota, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika: unarudia yote hayo kwa uboho wa mtu mzima asiye mgonjwa. Mmea ukimaliza na seli shina zake, umemwacha bila kiwanda cha damu, na sumu za namna hiyo tunazo za kutosha.

Upo mmea uliopita kwenye mtihani huo. Wazungu wana ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano ambalo kwa karne nyingi wamelitumia kwa homa na maumivu ya kichwa, kwa Kilatini Tanacetum parthenium. Ndani yake kuna kemikali iitwayo parthenolaidi. Mwaka 2005 Monica Guzman na Craig Jordan, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba parthenolaidi inaziua seli shina za lukemia kali ya mailoidi na kuziacha kwa kiasi kikubwa seli za kawaida za uboho, jambo ambalo sitarabini haikulifanya vizuri kwenye majaribio hayo hayo. Inazima mfumo unaozipa seli hizo ukaidi wa kutokufa na kuzivuruga kwa msongo wa oksijeni ambao haziwezi kuuhimili. Kwa wengi wetu tunaosoma mambo haya, ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu kilicholenga mahali penyewe.

Halafu? Parthenolaidi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukila ua lenyewe, au ukinywa chai yake, kiasi kinachofika kwenye damu hakitoshi kufanya lolote la maana. Wanakemia walilazimika kuibadilisha umbo, na mwaka 2007 likatoka toleo linaloyeyuka na kumezeka, likajaribiwa kwa panya na mbwa. Leo hii, miaka ishirini na zaidi tangu ugunduzi, parthenolaidi bado si dawa iliyoidhinishwa ya lukemia popote. Na huyo ni mmea uliofaulu! Kwa hiyo anaponijia mtu na chupa iliyopikwa Jumamosi akasema inatibu lukemia kufikia Jumatatu, nisameheni nikikunja uso.

China wametuonyesha njia ikifika mwisho. Mti wao wa Cephalotaxus ulitoa homoharingtonini, ambayo madaktari wa huko wameitumia kwa lukemia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwa panya kwamba inapunguza seli shina za lukemia sugu ya mailoidi, zile zile ambazo imatinibu inaziacha. Mwaka 2012 Marekani wakaiidhinisha, kwa jina la omasetaksini, kwa wagonjwa ambao dawa mbili au zaidi za jamii ya imatinibu zimeshindwa kuwasaidia.

Na kuna kisa cha mji wa Harbin, huko huko China, nakipenda kuliko vyote ingawa kinahusu madini na si mmea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa mji huo walisikia vijijini kuna mchanganyiko wa kienyeji unaosaidia wagonjwa wa saratani: arseniki, zebaki na sumu ya chura. Mfamasia Han Taiyun aliutengeneza kuwa sindano. Daktari Zhang Tingdong akaufuatilia kwa wagonjwa. Hawakuuza mchanganyiko ule kama walivyoukuta. Waliuvunja kitu kimoja kimoja. Zebaki iliumiza figo, wakaitoa. Sumu ya chura ilipandisha presha, wakaitoa. Ikabaki arseniki peke yake, na ikabaki na nguvu ile ile. Waliandika nani amepona, nani amekufa, na kwa lukemia ya aina gani, mpaka ikaonekana kwamba aina moja, ile ya promailositi, ndiyo inayosikia zaidi. Mwaka 2008 majaribio ya panya yakaeleza sababu: arseniki pamoja na tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, huibomoa protini mbovu inayozilinda seli zinazouanzisha ugonjwa huo, na zinakwisha. Matokeo ya mwaka 2013 kwa wagonjwa wa hatari ndogo na ya kati yalionyesha kuwa baada ya miaka 2, asilimia 97 ya waliopewa dawa hizo mbili bila kemo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa, dhidi ya asilimia 86 waliopewa tretinoini na kemo. Dawa ya kijijini imefika huko kwa sababu kuna waliokubali kuipima bila kuionea haya na bila kuitukuza.

Hapa kwetu tuna ua la Madagaska kwenye uwanja wa kila nyumba ya pili mjini, la pinki na jeupe, petali tano, halihitaji hata kumwagiliwa. Watu wanalichemsha kwa kisukari. Kisukari ndicho kilicholiibua pia: mwaka 1952 mtafiti Robert Noble wa Kanada alipokea kupitia kaka yake majani 25 kutoka Jamaika, yaliyosemwa kushusha sukari. Hayakushusha sukari ya panya, lakini yaliangusha chembe zao nyeupe, na hapo safari ya vinblastini na vinkristini ikaanza. Ili kupata gramu moja ya vinkristini huhitajika mamia ya kilo za majani makavu. Dozi ya mtu mzima kwangu haivuki miligramu 2. Naivuta kwa sirinji nikiwa na glavu pea mbili, naiingiza kwenye mfuko mdogo wa maji ya chumvi, kisha nabandika lebo nyekundu: KWA MSHIPA WA DAMU TU, NI MAUTI IKIINGIZWA NJIA NYINGINE. Mtoto huyo huyo siku hiyo hiyo anaweza kuwa anachomwa dawa nyingine kwenye uti wa mgongo. Vinkristini ikiingia huko kwa makosa, ni kifo. Hiyo ndiyo dawa ya mti, ikishakuwa dawa kweli. Inatibu watoto wengi na inadai heshima ya miligramu.

Mtu akichemsha jani hilo hilo nyumbani anakunywa kiasi gani? Hajui, na chungu hakimwambii.

Nina jambo jingine linalonikera, nalo liko jirani tu, Shimba Hills, kaunti ya Kwale nchini Kenya. Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maitansini, kemikali kutoka mti wa jamii ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Tangazo lake lenyewe liliieleza kuwa kemikali ya kupambana na lukemia. Wakati huo ilikuwa imewashangaza kwa kiasi kidogo mno kinachohitajika kuponya panya. Mahitaji yakapanda. Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivuna Shimba Hills zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii. Miaka 4 baadaye walipohitaji nyingine, mti ulikuwa haujarudi vya kutosha na wakusanyaji walipata taabu. Kwa wagonjwa maitansini ilionekana kali kupita kiasi, majaribio yakaachwa. Lakini watu hawakuitupa kwenye kabati. Waliibadilisha, wakaifunga kwenye kingamwili inayoipeleka kwenye seli ya saratani moja kwa moja, na mwaka 2013 ikaidhinishwa kama dawa ya saratani ya matiti aina ya HER2. Bei yake mnaijua ninyi mnaopitisha bajeti za dawa.

Wadigo wa Kwale walioufahamu mti huo kabla ya Kupchan kuzaliwa, walipata nini? Msitu wao ulipata visiki. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kugawana manufaa ya mimea na viumbe vingine, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, ikiwa imechelewa sana kwa Shimba Hills. Sisi hatujachelewa. Misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa imejaa mimea isiyopatikana kwingine duniani. Tusipoipima wenyewe, atakuja wa kuipima.

Na msiniambie hatuna pa kuanzia. Muhimbili ina taasisi ya tiba asili ambayo ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, Baraza lipo, waganga wanasajiliwa, Mkemia Mkuu wa Serikali anapima kama dawa ina sumu au vijidudu. Hiyo yote ni kazi njema. Ila kipimo cha Mkemia Mkuu kinajibu swali la "itamuua?", hakijibu swali la "itamponya?" Chupa ikishapata cheti cha kwanza, mwenye duka anakibandika ukutani kana kwamba kimejibu yote mawili. Mteja atatofautishaje?

Kinachokosekana ni kipande cha katikati, kati ya mganga anayejua mti na hospitali yenye mgonjwa. Naomba kituo kimoja, si kumi. Kiwe na friji ya nitrojeni ya kutunza uboho wa wagonjwa waliokubali kwa maandishi, mashine ya kuchambua seli, chumba cha kuzioteshea kwa wiki tano au sita kuona zipi zina uwezo wa kuzaa tena, na ushirikiano na maabara yenye panya wasio na kinga hata kama ni ya nchi nyingine, kwa mkataba wa kueleweka. Mmea upite hapo ukiwa na jina lake, mahali ulipochumwa, mwezi ulipochumwa na jina la mganga aliyeuleta, na mkataba wake uwe umesainiwa kabla ya jani la kwanza kusagwa. Mmea wake ukishindwa mtihani, mganga aambiwe kwa heshima na matokeo yachapishwe. Mmea ulioshindwa ni taarifa, itamwokoa mwingine asipoteze miaka mitatu kwenye mti ule ule.

Wakati kituo kinajengwa, kuna mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Baraza liondoe neno "kansa" kwenye lebo zote ambazo mwenye dawa hawezi kutaja kansa ipi na ushahidi upi. Wiki moja inatosha kuandika waraka huo.

Wizara iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mgonjwa wa saratani: anatumia dawa gani ya asili, na tangu lini. Uulizwe kama tunavyouliza mzio, bila kufoka. Mimi siutaki mstari huo kwa ajili ya kumsuta mtu. Imatinibu husagwa kwenye ini na vimeng'enya ambavyo juisi ya balungi huvizuia, na dawa inaweza kuzidi mwilini. Na mmea wa Ulaya uitwao St John's wort huvichochea, mpaka kiwango cha imatinibu kwenye damu kikashuka kwa karibu theluthi moja. Hili la pili limepimwa kwa watu. Mimea yetu mingi hakuna aliyeipima upande huo, na mgonjwa anameza miligramu 400 kila siku akidhani zote zinafanya kazi. Watoto wenye lukemia kali ya limfu nao humeza vidonge nyumbani kwa takriban miaka miwili, vingine vikilichosha ini kweli kweli. Daktari akiona vipimo vya ini vimepanda atapunguza kemo, kumbe mzigo umetoka kwenye chupa ya soda. Dozi ikipunguzwa bure, seli zilizolala zinapata nafuu ambayo hazikustahili.

NIMR na COSTECH, nanyi mna lenu. Mnapotangaza ruzuku za utafiti wa mimea na saratani, acheni kupokea maandiko yanayoishia kwenye kichupa. Mwombaji aeleze atapimaje seli shina na atapimaje uboho usio na ugonjwa. Atakayesema hana uwezo huo, aunganishwe na mwenye nao. Watapungua waombaji, najua, na ripoti ya mwaka haitapendeza sana kwa idadi ya miradi. Vumilieni.

Waganga wa tiba asili nao nawajua wawili watatu wanaoitaka kazi hii kuliko wasomi wengi. Mmoja wao, mzee wa makamo kutoka Tanga, aliniuliza kwa nini tunataka jina la mti kabla ya kumwonyesha mkataba. Sikuwa na jibu la kumpa kwa niaba yenu. Mtampa ninyi.

Naomba majibu ya Baraza kuhusu lebo yatoke kabla ya 31 Agosti ijayo. Nitakuwepo kwenye mabanda, nitasoma nyuma ya chupa.

Wasalaam,

Mfamasia wa wodi ya magonjwa ya damu,
Dar es Salaam.

Nakala: Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya afya, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, vyama vya waganga wa tiba asili.